pH na mbolea kwenye ndoo ya haidroponiki ya ndani: jinsi ya kuyasoma maji yako

Watu wengi wanaoanza haidroponiki nyumbani, yaani kupanda kwenye maji bila udongo, wanahangaika sana na taa, vikombe vya neti, pampu, sijui ndoo ya rangi gani, alafu maji yenyewe hawayajali mpaka majani yaanze kuwa ya njano ndo wanaanza kuuliza. Mi naona ingekuwa kinyume chake. Ndoo yoyote safi inafaa, na saladi inaota hata chini ya taa za LED za kawaida ukiziacha masaa 14 mpaka 16 kwa siku, ila ukikosea maji hakuna taa itakayokuokoa. Udongo ukizidisha mbolea kidogo unakusitiri, unashika chumvi, unapunguza makali, lakini kwenye ndoo ya lita 20 hakuna wa kukusitiri, ulichochanganya ndo hicho hicho mzizi unakula.

Kwa hiyo hapa naongelea pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, na virutubisho tu, kwa mtu mwenye ndoo mbili tatu jikoni au sebuleni, anapanda saladi, spinachi, nanaa, mrihani, kotimiri, labda na nyanya moja dirishani. Mifano mingi ni ya Dar manake ndo mazingira ninayoyajua vizuri, joto lake na maji yake.

Na jambo moja lishike tangu mwanzo: namba ya leo peke yake haikwambii kitu kikubwa, kinachokwambia ukweli ni namba inaelekea wapi toka juzi.

Vifaa sio vingi. Kalamu ya kupima pH, kalamu ya kupima EC yaani ukali wa chumvi chumvi kwenye maji, mizani ndogo ya sonara inayosoma mpaka gramu 0.01, na sirinji za duka la dawa, ya ml 1 na ya ml 10. Kalamu za pH za bei rahisi zile za njano zinafanya kazi vizuri tu ila zinahama, leo inasoma 6.0 mwezi ujao maji yale yale inasoma 6.5, ndo maana lazima uwe unaiseti mara kwa mara na vile vipakti vya unga vinavyokuja nayo, kimoja cha 6.86 na kingine cha 4.01. Kwa kawaida pakti moja unaiyeyusha kwenye ml 250 za maji ya distilled, unatumbukiza kalamu, unarekebisha mpaka isome sawa. Usiisetie kwenye maji ya bomba. Alafu kile kichwa cha kioo kisikauke na pia usikihifadhi kwenye maji ya distilled, watu wengi wanadhani maji safi ndo mazuri kumbe yanakimaliza, kihifadhi na maji maalumu ya KCl, ukikosa weka matone machache ya yale ya 4.01 kwenye kifuniko. Kalamu ya EC yenyewe ni ngumu kuharibika, maji yake ya kusetia ni ya 1.413 mS/cm, na namba zote za EC humu ni za kipimo hicho cha mS/cm.

Hapo kwenye EC kuna kitu kinachanganya watu sana. Mtu anakwambia saladi yake anaiwekea ppm 700, wewe unaweka 700 na yako inaungua au inadumaa, shida ni kwamba kalamu ndani yake zinapima EC alafu zinazidisha, kuna kampuni zinaita EC 1.0 kuwa ppm 500 na nyingine zinaita ppm 700. Achana na ppm kabisa, badili kalamu isome EC, hapo mnaongea lugha moja na mtu yeyote duniani.

Sasa maji. Kabla hujaweka chochote pima EC ya maji matupu. Dar ya bomba na ya kisima ni vitu viwili tofauti, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi kabisa, hiyo chumvi ni sodiamu na kloraidi ambayo mmea hauihitaji na inakaa tu kwenye ndoo ikiongezeka kila unapojazia. Maji yakisoma chini ya 0.3 shukuru, ya 0.3 mpaka 0.6 yanatumika vizuri tu, yakipita 0.8 mi nisingeyatumia peke yake, ningechanganya na ya mvua. Maji ya mvua ni mazuri mno kwa kazi hii, EC yake iko karibu na sifuri, kinga mvua ya masika kwenye jaba baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza kwanza alafu funika. Maji yanayodondoka kwenye AC nayo yanakuwa karibu matupu hivyo hivyo, walioko Muscat na Dubai wana ya kumwaga, ila AC iwe imesafishwa. Ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha.

Alafu wengi wanapima pH ya maji matupu, wakiona 7.8 wanaogopa. pH ya maji matupu sio ishu, ishu ni baikaboneti zilizomo, zile ndo zinaing'ang'ania pH isishuke. Maji mawili yote yanaweza kusoma 7.8, moja tone mbili za asidi limeshuka mpaka 6, lingine unaweka unaweka halitaki, alafu kesho asubuhi limerudi juu. Njia rahisi ya kujua: chukua lita 1 ya maji yako, shusha na asidi mpaka 6.0, acha wazi mpaka kesho, pima tena. Ikiwa imebaki 6.2 au hapo karibu una maji mepesi. Ikiwa imerudi 7 na kitu, baikaboneti ni nyingi, jiandae kushusha mara kadhaa siku za mwanzo au changanya na maji ya mvua nusu kwa nusu. Ukifanya hicho kipimo mara moja utajiokoa na mwezi mzima wa kulaumu mbolea.

Mbolea. Ukiweza kupata paketi ya A na B ya haidroponiki nunua, fuata maelekezo, anza na nusu ya kipimo. Ukitaka kuchanganya mwenyewe inakuwa nafuu sana, ila hapa kaa macho dukani. Ukienda duka la pembejeo ukasema unataka kalsiamu naitreti, kuna uwezekano mkubwa ukapewa CAN, na CAN sio hiyo, ina amonia nyingi na chokaa isiyoyeyuka, kwenye ndoo itakuharibia. Unachotaka ni kalsiamu naitreti inayoyeyuka yote, kwenye mfuko imeandikwa 15.5-0-0, ile wanayotumia kwenye matone ya umwagiliaji. Vile vile urea, DAP na NPK 17-17-17 za chenga sahau, ni za shambani, kwenye udongo kuna bakteria wa kuzigeuza, kwenye maji yako hawapo wa kutosha. Kila unachonunua yeyusha kijiko kwenye glasi kwanza, kikiacha tope chini rudisha.

Mchanganyiko ninaoupenda kwa mboga za majani, kwa kila lita 1 ya maji: kalsiamu naitreti gramu 0.6, potasiamu naitreti gramu 0.3, MKP yaani monopotasiamu fosfeti, ile ya 0-52-34, gramu 0.2, magneziamu salfeti yaani chumvi ya Epsom gramu 0.4, na madini madogo madogo kwa kipimo cha paketi yake, humo chuma kiwe kama miligramu 2 kwa lita. Hapo unapata naitrojeni kama 130, fosforasi 45, potasiamu 170, kalsiamu 114 na magneziamu 39, zote ni miligramu kwa lita, na EC inakuja kama 1.5 juu ya ile ya maji yako. Kupima gramu 0.2 kila siku ni mateso kwa hiyo unatengeneza chupa mbili kali za lita 1 moja. Chupa A: kalsiamu naitreti gramu 60, potasiamu naitreti gramu 30, na chuma kama umekinunua peke yake. Chupa B: MKP gramu 20, Epsom gramu 40 na madini madogo. Kila lita ya ndoo inachukua ml 10 za A na ml 10 za B, ndoo ya lita 20 ni ml 200 na ml 200. Ziweke gizani na uandike A na B kubwa kubwa, mbali na watoto.

Kwa nini chupa mbili? Kwa sababu kalsiamu ikiwa kali ikikutana na salfeti na fosfeti zikiwa kali zinashikana zinakuwa unga mweupe unaozama chini, na ukishazama huo haurudi, mmea hauupati tena, wewe utaona EC imekuwa ndogo na hujui kwa nini. Kwenye maji mengi haishikani. Ndo maana utaratibu ni maji kwanza kwenye ndoo, A ndani, koroga vizuri, B ndani, koroga, usichanganye A na B kwenye kikombe kimoja hata kama una haraka kiasi gani.

Samadi na ile chai ya mbolea ya asili ndani ya nyumba mi siishauri kabisa. Nje kwenye udongo ni nzuri sana, ndani ya ndoo inaoza, inanuka, inakula oksijeni ya mizizi na pH inayumba kila siku.

Ukali wa kulenga: miche midogo EC 0.6 mpaka 0.8, saladi iliyokomaa 1.0 mpaka 1.4, mrihani 1.0 mpaka 1.6, spinachi na nanaa wanavumilia mpaka 2.0, nyanya ikianza kuzaa 2.0 mpaka 3.0 na inapenda potasiamu zaidi. Hizo namba ni jumla kwenye kalamu, pamoja na ya maji yenyewe, kwa hiyo kwa miche na saladi punguza ml za A na B sawasawa mpaka kalamu isome hapo. Kipindi cha joto kali, Dar kuanzia Desemba mpaka Machi, shusha kidogo, manake mmea unakunywa maji mengi kuliko mbolea.

Ukishachanganya subiri kama nusu saa ndo upime pH, usiirekebishe kabla ya kuweka mbolea kwa sababu mbolea yenyewe inaishusha. Unataka iwe kati ya 5.5 na 6.5, mi naiweka 5.8 naiacha ijipandie. Ikipanda zaidi ya 6.5 chuma na fosforasi zinaanza kugoma kuingia kwenye mzizi hata kama ziko tele kwenye ndoo, hasa chuma cha aina ya EDTA ambacho kikipita 6.5 kinaanza kuachia, cha DTPA kinavumilia mpaka kama 7.5 kwa hiyo ukipata cha DTPA chukua hicho. Na kumbuka hatua moja ya pH sio hatua moja ya kawaida, 5 ina asidi mara 10 ya 6, kwa hiyo ukimwaga kwa kukadiria macho utapitiliza.

Asidi nzuri ya kushushia ni ya fosforiki. Unga wa sitriki unafaa kwa ndoo ndogo lakini hauna msimamo, bakteria wanaula na baada ya siku moja mbili pH imerudi, limao na siki ni vivyo hivyo. Kuna wanaotumia maji ya betri, yaani asidi ya salfa. Yale mapya yaliyofungwa kwenye chupa kikemia yanafanya kazi, ila yanaunguza ngozi na macho, kwenye nyumba yenye watoto mi nakuomba uyaache, na yaliyotoka ndani ya betri iliyokwisha kutumika ni marufuku kabisa, yana risasi na hiyo mboga unakuja kuila. Asidi yoyote unayotumia izimue kwanza, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, na siku zote maji yanatangulia kwenye chupa asidi inafuata, usimwagie maji juu ya asidi.

Namna ya kupata kipimo bila kubahatisha: chota lita 1 kutoka kwenye ndoo iliyokwisha kuchanganywa, chukua ile sirinji ya ml 1 yenye asidi uliyozimua, weka ml 0.1, koroga, subiri kalamu itulie, weka tena 0.1, mpaka ufike 5.8. Tuseme imekula ml 0.4. Ndoo imebaki na lita 19, hiyo ni ml 7.6, weka kwanza 6, koroga, subiri dakika kumi na tano, malizia taratibu, rudisha na ile lita yako. Ukipitiliza ikawa 5.2 usianze kumwaga magadi, kupandisha kushusha kupandisha kushusha kunajaza chumvi tu kwenye maji. Kama unatumia mbolea ya naitreti itapanda yenyewe siku chache zijazo. Ikibidi kupandisha, tumia potasiamu kaboneti au potasiamu baikaboneti, baking soda ina sodiamu, ya dharura tu.

Sasa tuje kwenye kusoma maji, sehemu ambayo mtu anatoka kwenye kubahatisha. Chora mistari ya lita ndani ya ndoo na maka peni. Kila baada ya siku mbili tatu, saa ile ile, andika vitu vitatu kwenye masking tape ubavuni mwa ndoo: maji yamebaki lita ngapi, EC, pH. Mfano uliweka lita 20 za EC 1.4, baada ya siku tatu zimebaki 17. Piga hesabu hii: 20 mara 1.4 gawa kwa 17, unapata kama 1.65. Kalamu ikisoma 1.65 au karibu na hapo, mmea umekunywa maji na kuacha mbolea, maana yake mbolea ni kali kwake, jazia maji matupu. Ikisoma 1.4 ile ile, amekunywa vyote sawasawa, uko vizuri, jazia mchanganyiko wa ukali ule ule. Ikisoma 1.1 ana njaa, amekula mbolea haraka kuliko maji, jazia wenye ukali zaidi kidogo, 1.6 au 1.8. Hapo huhitaji chati ya mtu yeyote, mmea wenyewe umeshasema.

pH nayo hivyo hivyo. Ikipanda polepole toka 5.8 mpaka 6.3 ndani ya siku kadhaa usishtuke, hiyo ni dalili nzuri, mzizi ukimeza naitreti unatoa kitu cha kualkalisha maji, kwa hiyo mmea unakula. Iache ipande, kwa sababu kila kirutubisho kina sehemu yake inapopenda kuingia, na kutembea kati ya 5.7 na 6.4 kunavipa vyote nafasi. Shusha ikigusa 6.5. Ikikimbia juu ndani ya usiku mmoja bila mmea kukua, angalia baikaboneti, au ukijani kwenye maji, ule mwani unakula hewa ya ukaa mchana na kupandisha pH, na dawa yake ni kuzuia mwanga tu, funika ndoo na gazeti au ipake rangi nyeusi kisha nyeupe juu yake. Ikiwa inashuka shuka kila siku, kuna mawili: mbolea yako ina amonia nyingi, au kuna kitu kinaoza. Nyanyua kikombe cha neti chenye mmea, angalia mizizi. Mweupe au rangi ya krimu ni mzima. Kahawia, unateleza mkononi na una harufu ya mtaro, huo umeoza na hakuna asidi itakayotibu hicho, mwaga maji yote, osha, anza upya.

Kuoza kwa huku kwetu kunaletwa sana na joto. Maji ya nyuzi 20 yanashika oksijeni kama miligramu 9.1 kwa lita, ya nyuzi 30 yanashika kama 7.5 tu, na wakati huo huo mzizi kwenye joto unataka oksijeni nyingi zaidi. Weka ndoo chini kwenye tiles sio juu ya friji, mbali na dirisha la jua la mchana, siku za joto kali tumbukiza chupa ya maji ya barafu iliyofungwa. Pampu ya akwariamu inasaidia, lakini kama umeme kwako unakatika katika tumia mtindo wa Kratky, ule aliousambaza Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, hauna pampu, maji yanashuka na kuacha nafasi ya hewa na mizizi ya juu inapumua hapo. Huko kosa kubwa ni kujaza ndoo mpaka juu tena, unaizamisha ile mizizi ya hewa. Jazia kidogo tu, nafasi ibaki.

Kuhusu majani, kabla ya kuongeza chochote jiulize ni jani la zamani au jipya. La zamani la chini likiwa njano lote ni naitrojeni, njano katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani ni magneziamu, kingo kukauka ni potasiamu. Jani jipya la juu likitoka njano na mishipa ya kijani ni chuma, na mara nyingi chuma kipo, pH ndo imepanda, kwa hiyo pima kwanza. Ncha za majani machanga ya saladi kuungua ni kalsiamu kutofika, na hapo watu wanaongeza kalsiamu weee bila kuona mabadiliko, kumbe ndani hamna upepo, jani halipumui maji na kalsiamu inasafiri na maji. Washa feni ndogo, punguza EC kidogo.

Maji yote chenji kila wiki mbili, kwa ndoo ya pampu, hata kama EC inasoma vizuri, kwa sababu EC inahesabu chumvi zote kwa pamoja na haiwezi kukwambia kama ile 1.4 sasa hivi nusu yake ni sodiamu. Yale ya zamani usiyamwage chooni, yazimue nusu kwa nusu na maji, mwagilia michungwa au maua ya nje. Ndoo isugue na jiki kidogo, suuza mpaka harufu iishe, kisha jaza maji mapya, A, koroga, B, koroga, na bandika masking tape mpya yenye tarehe.